Vitamu vya Sikukuu za Kiyahudi Jikoni Mwako: Kuanzia Keki ya Asali hadi Keki ya Jibini

Anayetaka kupika vitamu vya sikukuu za Kiyahudi kwa kawaida hukimbilia vipimo: unga kiasi gani, sukari kiasi gani. Vipimo si kazi. Kinachomwangusha mpishi mgeni ni maswali mawili ambayo huyakuti kwenye orodha ya mahitaji: mezani kutakuwa na nyama au hakuna, na ni sikukuu gani? Keki ya siagi iliyopikwa kwa ustadi wote hailiwi baada ya mlo wa kuku. Biskuti za sikukuu ya Purimu nazo, hata ziwe tamu vipi, haziingii nyumbani wiki ya Pasaka ya Kiyahudi. Kwa hiyo sheria kwanza, unga baadaye.

Nyama, maziwa, na kundi la katikati

Torati inakataza mara tatu kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Kutokana na katazo hilo, Wayahudi wanaoshika sheria za chakula hawachanganyi kabisa nyama na maziwa: si kwenye chungu, si kwenye sahani, si katika mlo mmoja. Aliyekula nyama husubiri kabla ya kugusa chochote chenye maziwa. Wengi husubiri saa 6, wenye asili ya Ujerumani saa 3, na wenye asili ya Uholanzi saa 1. Kuku huhesabiwa nyama. Samaki hahesabiwi.

Kati ya nyama na maziwa kuna kundi la tatu liitwalo pareve, lisilo upande wowote: mayai, unga, matunda, asali, mafuta ya mimea. Mlo wa sikukuu nyingi huwa na nyama, ndiyo maana vitamu vingi vya Kiyahudi hupikwa kwa mafuta ya maji badala ya siagi. Tui la nazi nalo ni pareve, na mpishi aliyezoea tui ana njia ya mkato ambayo wapishi wa Kiyahudi wa Poland hawakuwa nayo. Majarini isikudanganye. Soma maandishi ya kopo, kwa sababu nyingine zina maziwa ya unga ndani.

Mayai yapasue moja moja kwenye kikombe kabla ya kuyamimina kwenye bakuli. Lenye doa la damu hutupwa. Jelatini ya kawaida iache dukani. Na alama ya halali si alama ya kosheri, yaani kinachokubalika kwa sheria za chakula za Kiyahudi: sheria hizi mbili zinakaribiana lakini hazilingani.

Kuna jambo moja ambalo wenye mapishi mtandaoni huliruka. Viambato vikiwa safi, bado vyombo na oveni vinahesabiwa. Bati lililookea nyama isiyo ya kosheri haliwezi kumtolea keki mgeni anayeshika sheria kikamilifu. Wapo Wayahudi wengi wasiofuata kiasi hicho, na wapo wanaofuata kila nukta, wawe wa Nairobi, ambako sinagogi ipo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, au wa jamii ya Abayudaya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu karibu na Mbale, Uganda, mwaka 1919. Muulize mgeni wako mapema, bila aibu. Kama jibu ni kwamba hawezi kula cha jikoni kwako, hajakudharau. Mpelekee matunda mazima yasiyokatwa na kisu chako.

La mwisho kabla ya kuwasha moto: siku ya Kiyahudi huanza jua linapozama, kama Waislamu wanavyohesabu yao. Sikukuu inayoandikwa Jumamosi kwenye kalenda huanza Ijumaa magharibi, na kuoka kuwe kumekwisha kabla ya hapo.

Rosh Hashana: keki ya asali

Mwaka mpya wa Kiyahudi huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Usiku wa kwanza watu huchovya vipande vya tofaa kwenye asali na kuombeana mwaka mwema na mtamu. Keki ya asali huja mwisho wa mlo. Ni keki ya Waashkenazi, Wayahudi wa Ulaya ya Kati na Mashariki, na hata wenyewe huitania kwa ukavu. Ukavu huo una sababu mbili tu: moto mkali, na papara ya kuila siku ileile.

Kwa bati moja la mkate, sm 23 kwa 13, andaa:

- unga wa ngano g 250
- bekingi poda kijiko cha chai 1½, na bekingi soda nusu kijiko cha chai
- chumvi robo kijiko cha chai
- mdalasini wa unga vijiko vya chai 2, tangawizi ya unga kijiko 1, karafuu ya unga robo kijiko
- mayai 2
- sukari g 100
- mafuta ya kupikia ml 120
- asali g 250, yaani robo tatu ya kikombe cha ml 240
- chai ya rangi nzito, iliyopoa, ml 180

Asali iwe nyeusi na yenye ladha nzito, kama ile ya misitu ya miombo ya Tabora. Ionje kwanza. Asali iliyovunwa kwa moshi mwingi hubeba harufu ya moshi hadi ndani ya keki, na mdalasini hauwezi kuificha.

1. Chemsha chai ya majani vijiko viwili, iache isimame dakika 5, ichuje na uiache ipoe kabisa. Ikiwa ya moto itaivisha mayai.
2. Washa oveni nyuzi 160 za Selsiasi. Paka bati mafuta na utandike karatasi ya kuokea chini.
3. Pima mafuta kwenye kikombe, yamimine, kisha pima asali kwenye kikombe hichohicho bila kukiosha. Asali itateleza yote.
4. Piga mayai na sukari dakika 3 hadi yaumuke na kuwa meupe. Tia mafuta, asali na chai.
5. Chekecha vikavu vyote juu yake kwa awamu mbili na ukoroge hadi madonge yaishe, basi. Rojo itakuwa nyepesi ya kumiminika. Hapo ndipo mkono wa mpishi huwasha kuongeza unga, uzuie.
6. Oka dakika 50 hadi 60. Asali huungua upesi kuliko sukari, kwa hiyo ukiona juu pameiva sana kufikia dakika ya 35, funika kwa karatasi ya foili. Kijiti kikitoka kikavu katikati, imeiva.

Sasa kazi ngumu: usiikate. Ikishapoa izungushie foili, iache mezani siku moja au mbili. Asali huvuta unyevu, na keki iliyokuwa ngumu pembeni jioni ya kwanza utaikuta laini kote kesho kutwa. Kwa hiyo keki ya mwaka mpya huokwa siku mbili au tatu kabla ya sikukuu.

Huna oveni? Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, weka bati juu yake, funika, mkaa kidogo chini na mwingine juu ya mfuniko. Hesabu dakika 60 na zaidi, na mkaa wa juu uupunguze nusu saa ikishapita. Usiweke jozi ndani: baadhi ya Waashkenazi hawazili kwenye mwaka mpya.

Hanuka: vya kukaanga

Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walipoirudisha Yerusalemu mikononi mwao na kulitakasa Hekalu, mwaka 164 kabla ya Kristo, mapokeo yanasema walikuta mafuta safi ya kuwashia taa siku moja tu, nayo yakawaka siku 8. Ndiyo sababu kwenye Hanuka, inayoangukia mwishoni mwa Novemba au Desemba, kila mtu anakaanga.

Kwa Israeli kitamu chenyewe ni sufganiyoti, donati ya mviringo isiyo na tundu, yenye jamu nyekundu tumboni. Asili yake ni donati za jamu za Ujerumani na Poland. Ilivyosimuliwa, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Histadrut, liliipigia debe miaka ya 1920 kwa sababu ya kiuchumi: chapati za viazi kila mtu anazikaanga kwake, lakini donati inahitaji mwokaji, na mwokaji anahitaji ajira. Siku hizi maduka ya Tel Aviv na Yerusalemu hushindana kuzipamba kwa chokoleti na krimu hadi donati haionekani. Mimi naona ya jamu inatosha.

Kwa donati 16 hivi:

- unga wa ngano g 500
- hamira kavu ya chengachenga g 7
- sukari g 60
- chumvi kijiko cha chai 1
- mayai 2
- tui la nazi jepesi, vuguvugu, ml 180
- mafuta ya kupikia vijiko vya mezani 3
- ganda la limau lililokwaruzwa
- siki kijiko cha mezani 1
- jamu nzito isiyo na mapande, mafuta ya kukaangia lita 1½, sukari ya unga

Changanya unga, hamira, sukari na chumvi. Tia vya majimaji, ukande dakika 10. Donge litanata mwanzoni, na wengi hulitupia unga mpaka likauke, kisha hushangaa donati kuwa nzito. Paka mikono mafuta badala yake. Lifunike mahali pa joto hadi liumuke mara mbili, kama saa moja na nusu. Mombasa au Dar mwezi wa Desemba litamaliza kwa dakika 50, kwa hiyo tazama donge, usitazame saa.

Lisukume liwe na unene wa sm 1½. Kata kwa glasi yenye mdomo wa sm 7, ukibonyeza moja kwa moja chini bila kuzungusha. Ukizungusha unaziba kingo na donati huumukia upande mmoja. Kila duara liweke juu ya kipande chake cha karatasi ya kuokea. Acha tena dakika 30 hadi 40. Bonyeza ubavuni kwa kidole: shimo likirudi polepole, liko tayari, likiruka haraka, bado.

Mafuta yawe nyuzi 165 hadi 170. Bila kipimajoto, dondosha kipande cha mkate: kikipata rangi ya dhahabu kwa dakika moja hivi, anza. Ingiza donati pamoja na karatasi yake, upande wa juu ukitazama chini, kisha itoe karatasi kwa koleo. Hivyo vidole havilibonyezi donge likatoa hewa. Nne kwa wakati, zisizidi. Funika sufuria dakika ya kwanza, funua, geuza baada ya dakika 2, mpe upande wa pili dakika 2 bila kufunika. Ikitoka na mshipi mweupe kiunoni, ujue iliumuka vyema ikaelea nusu nje ya mafuta. Isiyo na mshipi ilizama, na ukiipasua utaiona imeshikana bila hewa ndani.

Jamu huingia baada ya kukaanga, donati ikiwa vuguvugu. Toboa kwenye mshipi kwa kisu chembamba, kizungushe ndani upate nafasi, kisha kamulia jamu kwa mfuko wa plastiki safi uliokatwa pembe. Jamu yenye mapande ya matunda ipitishe kwanza kwenye chujio, vinginevyo itaziba na mfuko utakupasukia mkononi. Sukari ya unga nyunyiza wakati wa kula tu. Donati hizi ni za siku hiyo. Kesho yake zinatafunika, lakini hazina raha.

Wayahudi wa Moroko wao hukaanga sfenji: unga g 500, hamira g 7, chumvi, na maji ml 370 au zaidi, donge la majimaji lisilo na mayai. Unalowesha mikono, unachota, unatoboa katikati kwa gumba, unavuta liwe bangili na kulitumbukiza papo hapo. Wasefardi, yaani Wayahudi wenye asili ya Hispania, wa Uturuki na Balkani wana bimuelo, vidonge vya kukaanga vinavyomiminiwa shira au asali. Ukijua kupika kaimati, bimuelo unazijua tayari.

Purimu: hamantashi

Purimu, Februari au Machi, ni kumbukumbu ya kisa cha Biblia cha Esta na Hamani. Ni siku ya kelele, mavazi ya mchezo na vyakula vya kupelekeana: kila mtu anatakiwa kumpelekea walau mtu mmoja vyakula visivyopungua viwili, vilivyo tayari kuliwa. Kwenye kila kapu hukosi hamantashi, biskuti ya pembe tatu.

Donge: unga g 300, bekingi poda kijiko cha chai 1, chumvi kidogo, sukari g 100, mafuta ml 100, yai 1, ganda la chungwa moja na maji yake vijiko vya mezani 3. Changanya hadi vishikane, usikande. Funga, weka kwenye friji saa moja.

Ndani, cha jadi ni mbegu za mpopi, zile wauza viungo wanazoita khaskhas. Saga g 150, pika na tui ml 120, sukari g 80 na asali vijiko 2 hadi zishikane. Kama uko Dubai au Abu Dhabi, usithubutu: mbegu hizo ni marufuku Falme za Kiarabu, na forodhani hakuna mzaha. Tumia tende. Tende g 250 zilizotolewa kokwa, maji ml 120, ndimu nusu; pika moto mdogo na uziponde hadi zikae kwenye kijiko bila kumwagika. Hazipungukiwi na kitu.

Sukuma donge unene wa mm 3, kata maduara ya sm 8, weka kijiko kimoja tu cha chai cha kijazo. Sasa kunja hivi: inua upande wa kushoto kuja ndani kwa mshazari, leta wa kulia, ulalie juu ya ule wa kwanza, kisha inua wa chini, na ncha yake moja uichomeke chini ya ule wa kushoto. Kila upande unaushika mwenzake. Ukibana tu pembe tatu kwa vidole, zitafunguka ndani ya oveni na kijazo kitamwagika. Ukiona zinafunguka hata baada ya kukunja hivi, sababu huwa unga uliobaki juu ya donge, au kijazo kimezidi. Bati lote lirudishe kwenye friji dakika 20, kisha oka nyuzi 180 kwa dakika 13 hadi 15, kingo zikianza tu kupata rangi.

Pasaka: unga hauingii

Hapa ndipo watu wazima huchanganyikiwa. Kwa siku 7 nchini Israeli, 8 kwingineko, hairuhusiwi chachu: ngano, shayiri na jamaa zake zikigusana na maji na kukaa zaidi ya dakika 18 kabla ya kuokwa ni marufuku, hata kuwa nazo nyumbani. Waashkenazi wengi huacha pia mchele, mahindi, kunde na karanga. Wasefardi wengi hula mchele. Wanga wa mahindi umo ndani ya bekingi poda nyingi na ndani ya sukari ya unga ya dukani, kwa hiyo navyo huwa na toleo maalumu la Pasaka. Sukari ya unga unaweza kujisagia mwenyewe. Vanila ya chupa yenye spiriti ya nafaka iache.

Kinachobaki ni mayai, njugu zinazoota kwenye miti na nazi, na nazi inatosha. Makaruni za nazi ni kitamu kinachoheshimika cha Pasaka, na hakitaki ufundi. Weka kwenye sufuria ute wa mayai 4, sukari g 130, nazi kavu iliyokunwa g 250, chumvi kidogo na ganda la ndimu. Koroga juu ya moto mdogo dakika 5 hadi 6 mpaka mchanganyiko unate na uanze kushika chini ya sufuria. Hatua hiyo ndiyo inayozuia ute kuchuruzika na kuungua pembeni. Ukipoa kidogo, chota kwa mikono iliyoloweshwa, fanya vidonge 20 hivi, oka nyuzi 170 dakika 18 hadi 20.

Nazi mbichi uliyoikuna kwa mbuzi inafaa, ila ikaushe kwanza: itandaze kwenye bati, nyuzi 120, dakika 20, ukiigeuza. Chicha usiitumie. Mafuta yameshakwenda na tui, na makaruni itakayotoka utaitafuna kama maranda.

Shavuoti: zamu ya maziwa

Majuma 7 baada ya Pasaka inakuja sikukuu ambayo desturi yake ni vyakula vya maziwa, na hatimaye siagi inaruhusiwa kutamba. Ufafanuzi mmoja unaosimuliwa ni kwamba Waisraeli walipopokea Torati Sinai hawakuwa bado na vyombo vya nyama vilivyotimiza sheria mpya, wakala maziwa.

Jibini laini la dukani ni ghali, lakini la kwenu mtafanya wenyewe. Pasha lita 3 za mtindi mzito kwa moto mdogo kabisa, bila kuchemsha, hadi mabonge yajitenge na maji. Mimina kwenye kitambaa safi, ning'iniza usiku kucha. Utapata takribani nusu kilo. Lisage kwenye blenda liwe laini, maana chengachenga zikibaki huonekana.

Kwa keki ya jibini, saga biskuti g 200, changanya na siagi g 80 iliyoyeyushwa, shindilia chini ya bati la sm 20. Koroga jibini, sukari g 120, mayai 3, krimu chachu ml 200, unga vijiko vya mezani 2 na ganda la limau. Usipige mapovu, hewa nyingi hupandisha keki, kisha huishusha na nyufa. Oka nyuzi 160 dakika 45 hadi 50. Katikati patikisike kidogo ukigusa bati. Zima oveni, acha mlango wazi kiasi cha kupitisha kidole, saa nzima. Halafu friji hadi kesho.

Wakati wa kukata, chovya kisu kwenye maji ya moto na ukipanguse kila baada ya kipande. Na mlo wa kabla yake uwe wa samaki.